Mlango wa nakshi na mwenye nyumba: filamu zetu za ndoa zinatazama upande usio sahihi

Katika miaka ya karibuni filamu na tamthilia za Kiswahili zinazohusu ndoa na shinikizo la ukoo zimeipenda sana pwani yetu. Waigizaji wanavaa kanzu na buibui, kamera inapita katika vichochoro vya Lamu au ufukweni Malindi, na kisa karibu daima ni kile kile: binti ampendaye mmoja akaozwa mwingine, mama mkwe anayesimama mlangoni mikono kiunoni, mume asiyejua asimame upande gani, na mwishowe talaka au mauti. Mapokezi nayo yamegawanyika kwa namna ambayo mtu angeweza kuitabiri. Wako wazee na walimu wa dini wanaosema kuwa filamu hizi zinawafundisha watoto wa kike ukaidi na kuzivunja ndoa. Wako watayarishaji na mashabiki wao wanaojibu kuwa wao wanaonyesha tu yaliyomo majumbani. Naona pande zote mbili zinakosea, tena zinakosea mahali pamoja. Zote zimekubali bila kuhoji kwamba shinikizo la ukoo ni sauti kali ya mtu mmoja mbaya, na kwamba kilichobaki ni kuamua kama sauti hiyo itolewe hadharani au isitiriwe. Hoja yangu ni kwamba shinikizo linaloamua ndoa nyingi katika mji kama Lamu halina sauti kali hata kidogo. Limo katika nyumba, katika zawadi na katika deni la wema, na wanaolitia ni watu wanaompenda binti kwa dhati. Filamu zinazolitafuta kwa mama mkwe zinatazama upande usio sahihi, na wanaozipinga wanakitetea kitu ambacho filamu zenyewe hazijakigusa.

Kwanza tuiondoe dhana kwamba jambo hili limeletwa juzi na simu. Mwanaanthropolojia Minou Fuglesang alichapisha mwaka 1994 utafiti juu ya wasichana wa Lamu, uliotokana na kukaa kwake mjini humo katika miaka ya 1980, na sehemu kubwa ya utafiti huo inaeleza jinsi wanawake walivyokusanyika majumbani kutazama filamu za Kihindi kwa mashine za video. Visa vya filamu zile vilikuwa hivi hivi: mapenzi upande mmoja, heshima ya wazazi upande wa pili, na nyimbo katikati. Wasichana walioziangalia wakati ule leo ni mama na bibi, na wengine wao ndio wanaolalamika sasa. Baada ya Wahindi wakaja Bongo, katika ile miaka ambayo marehemu Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, alikuwa uso unaojulikana katika kila duka la kanda na sidii. Kisha zikaja tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, ambamo mama mkwe amepewa cheo cha waziri mkuu. Watayarishaji wetu wamesoma katika madrasa hizo zote. Kilichobadilika hasa si kisa, ni namna ya kukitazama. Zamani filamu ilitazamwa na chumba kizima, na maneno ya watazamaji yalikuwa nusu ya filamu: shangazi anacheka, mama anasonya, jirani anasema huyu msichana angekuwa wangu ningemwambia hivi. Binti alisikia filamu na papo hapo akasikia hukumu ya watu wake juu yake. Sasa anatazama peke yake, simu mkononi na vidude masikioni, na wakubwa wanapata habari ya filamu kwa kusimuliwa. Malalamiko mengi ya leo, ukiyachambua, ni majonzi ya kukosa kuwamo katika chumba kile.

Wanaotaka filamu zirudi katika mwenendo mwema hupenda kumtaja Mwana Kupona binti Mshamu, ambaye mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa wasia juu ya dini na ndoa. Ni haki yao kumtaja, kwani hakuna maneno juu ya ndoa yaliyoenea katika visiwa vyetu kama yale. Lakini wamsome vizuri. Utenzi ule unampa binti radhi tano za kuzitafuta: ya Mungu, ya Mtume wake, ya baba, ya mama na ya mume. Mama mkwe hayumo katika hesabu hiyo. Anayesema ni mama wa binti mwenyewe, naye anasema kwa mapenzi, kwa dua na kwa khofu ya kuiacha dunia kabla mwanawe hajatengenea. Kama tunataka ushahidi wa zamani juu ya mahali mamlaka ya ukoo yanapokaa katika ndoa ya mwanamke wa upande huu wa pwani, basi huo ndio: yanakaa kwa waliomzaa, na yanafika kwake kwa njia ya huruma. Mwandishi wa filamu anayemweka mama wa mume kuwa chanzo cha kila balaa hajauona ushahidi huo, na mwalimu anayemjibu kwa kumnukuu Mwana Kupona naye hajauona, ingawa anao kichwani.

Hata hivyo wapinzani wa filamu hizi wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Wanasema ndoa ni sitara, na kwamba mtu anapozoea kuona kila ugomvi wa chumbani ukitolewa sebuleni, kisha barabarani, hupoteza subira ya kuyamaliza mambo kwa njia zilizowekwa. Njia hizo zipo kweli. Aya ya 35 ya Surat An-Nisaa inaelekeza kuwa panapokhofiwa mfarakano baina ya mume na mke, ateuliwe mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke. Kwa hiyo ukoo kuingia katika ndoa si uovu kwa asili yake. Umepewa kazi na Kitabu, na yeyote aliyeona ndoa ikiokolewa na ami mwenye hekima aliyekaa na vijana wawili usiku kucha anajua thamani yake. Katika filamu zetu mtu huyu karibu hayupo. Kila mkubwa anayeingia chumbani anaingia kuvuruga, na mlango pekee unaoachwa wazi kwa binti ni ule wa kutoka. Katika hili wapinzani wamesema kweli, nami nawaunga mkono bila kusita: filamu isiyojua kuwa suluhu ipo haijaijua pwani.

Hoja yao dhaifu, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayorudiwa zaidi, ni ile ya kwamba talaka zimezidi kwa sababu ya tamthilia. Historia haiiungi mkono. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya wanawake wa Kiislamu wa Mombasa tangu 1890 hadi 1975, na wengine waliomfuata, wanaonyesha jamii ambamo talaka na kuolewa tena yalikuwa mambo ya kawaida muda mrefu kabla ya televisheni kuingia nyumba ya mtu. Susan Hirsch naye alizichunguza mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi katika miaka ya 1980, akachapisha matokeo yake mwaka 1998. Aliyoyakuta Malindi ni kwamba waliokuwa wakifungua kesi kwa wingi ni wanawake, na kwamba mara nyingi wao ndio waliopata walichokiomba. Mke anatarajiwa avumilie na anyamaze, mume ndiye mwenye neno la kutamka; lakini mbele ya kadhi mke yule yule mvumilivu alikaa akasimulia kisa chake tangu mwanzo hadi mwisho, kwa mpangilio na kwa hoja, akasikilizwa. Mwanamke wa Malindi aliyeweza kufanya hivyo mwaka 1986 hakufundishwa na tamthilia ya simu. Kinachofuata kutokana na hili ni kwamba wanaotaka kuzilinda ndoa kwa kuzizuia filamu wanapigana na adui asiyekuwapo vitani, na muda wanaoutumia kumshambulia ni muda ambao hawautumii kuangalia yaliyompeleka mwanamke mahakamani.

Nigeukie upande wa watayarishaji, ambao dai lao ni zito zaidi kwa kuwa wanadai ukweli. Wanasema hivyo ndivyo mambo yalivyo. Je, ni hivyo? Kamera zao zinaipenda sana milango ya nakshi ya Lamu, na si ajabu, maana mji wa kale uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001 na uzuri wake hauhitaji wakili. Lakini sijaona filamu ya ndoa iliyojishughulisha kuuliza swali dogo: nyumba iliyo nyuma ya mlango ule ni ya nani? Katika desturi ya familia za nyumba za mawe, hasa katika mtaa wa Mkomani mjini Lamu, baba anayemuoza binti yake humpa nyumba, au sehemu ya nyumba, au hujenga orofa juu ya paa lake ili binti akae hapo na mumewe. Anayehama ni mwanamume. Pale ambapo nyumba mbili za ukoo zinakabiliana, huweza kuwako wikio, yaani chumba kilichojengwa juu ya kichochoro kikaziunganisha, na mama akapita kutoka kwake kwenda kwa mwanawe bila kuvaa buibui. Mpango mzima wa mji, ukiutazama kutoka juu, ni ramani ya mama, mabinti na dada waliokataa kutengana.

Sasa mweke mama mkwe wa filamu katika ramani hiyo. Atasimama mlango gani? Mama wa mume ana nyumba yake mtaa wa pili. Akija kwa mkaza mwanawe anabisha hodi, anakaribishwa, anapewa kahawa na halua, anaondoka. Jikoni si lake na ufunguo hana. Mwenye mkono katika ndoa ile kila siku, asubuhi na jioni, ni mama wa bi harusi, anayekaa chini yake au ng'ambo ya kichochoro, na pamoja naye dada zake, shangazi zake na ami aliyetoa nusu ya gharama. Kisa cha mwanamke anayeteswa katika nyumba ya wakwe ni kisa cha kweli kwa jamii ambazo bi harusi huhamia kwa mume, nazo ni nyingi, Kenya na Uhindi na Uturuki. Kimebebwa kikaletwa Lamu kikiwa kimekamilika, kikavalishwa kanga na kikapigwa picha mbele ya mlango wa nakshi.

Mtu atasema hili ni jambo la mafundi wa utamaduni, na kwamba mtazamaji anataka machozi tu. Silikubali, kwa sababu mahali nyumba ilipo hubadilisha maana ya kila tendo katika kisa. Chukua talaka. Katika filamu mke anafukuzwa, anatoka na sanduku mvuani, anarudi kwao. Katika nyumba ya Lamu niliyoieleza, anayefunga furushi ni mume, na mke anabaki pale pale alipo. Hiyo ni nguvu kubwa, na wanawake wengi wa dunia wangeitamani. Lakini tazama upande wake wa pili. Binti wa filamu akishindwa na ndoa ana kwao pa kurudi. Binti wa Lamu yuko kwao tayari. Hana pa kukimbilia, kwa kuwa wale ambao angewakimbilia ndio waliomuoza, ndio waliomjengea, na wanamsikia akilia kupitia dari ile ile ya boriti. Akisema mume hamfai, hatakosa hifadhi, lakini atakuwa amewaambia watu walio chini ya miguu yake kuwa kazi yao yote ilikuwa bure. Hapo ndipo shinikizo lilipo, na halihitaji mtu mbaya hata mmoja ili lifanye kazi yake.

Namna linavyojengwa inaonekana kwa macho. Magari hayapiti katika vichochoro vya mji wa kale, kwa hiyo mchanga, mawe na saruji hubebwa na punda kutoka gatini. Punda anasimama mlangoni, kijana anashusha mfuko mmoja mmoja, fundi anaita kutoka juu kwamba maji hayajafika, na mzee aliyeketi barazani, bila kuinuka, anauliza neno moja: "Mwaoza?" Tangu saa hiyo posa imekuwa ya mtaa mzima. Kaka yuko Uarabuni na anapeleka fedha kila mwisho wa mwezi. Shangazi ametoa bangili zake mbili za dhahabu. Baba ameuza shamba dogo upande wa bara. Ami amesema boriti ziwe juu yake, kwa kuwa mposaji ni mwanawe. Hakuna aliyetisha. Kila mmoja ametoa kwa moyo mkunjufu, na kila mmoja akimwona binti anamwambia, "Mwanangu, Mungu akujaalie kheri." Huyu binti aseme hapana kwa nani? Aanze na nani? Kila mfuko wa saruji unaopandishwa ngazi unamwondolea neno moja kinywani, na siku atakayoulizwa rasmi kama ameridhia, orofa imeshapigwa chokaa.

Lazima niweke mipaka, maana nisipoiweka nitakuwa nimefanya kosa lile lile la kufanya nyumba moja iwe mji mzima. Langoni, mtaa mwingine wa mji huo, si Mkomani, na watu waliokuja mjini kutoka visiwa vya Wabajuni au kutoka bara wana desturi zao. Malindi, ambako vijana wengi wanaooana huanza katika chumba cha kupanga, mama wa upande wowote anaweza kuwa karibu au mbali kutegemea kodi. Na hata katika familia za nyumba za mawe mambo hayakai yalivyokuwa. Nyumba nyingi za Lamu na Shela zimenunuliwa na wageni, wengi wao kutoka Ulaya, kwa bei ambayo mtoto wa mji hawezi kuifikia, na familia yenye mabinti wanne na paa moja haiwezi kuipa kila ndoa orofa yake. Hapo shinikizo halikomi, linageuka sura. Badala ya kumtaka binti aolewe na mtoto wa ami ili nyumba isitoke katika ukoo, jamaa wanaanza kumtazama mposaji mwenye uwezo, awe kufu, yaani wa hadhi sawa na binti, au asiwe, ilimradi atawatoa watu katika dhiki ya vyumba. Wazee wanaolalamika kuwa vijana wameacha kuheshimu kufu wangefanya vizuri kuuliza pia kuwa nyumba ziliuzwa na nani. Nasema hivi bila kumlaumu aliyeuza, kwani gharama za kukarabati jumba la mawe zinawashinda wengi. Nasema kwa sababu shinikizo la ndoa linafuata mali jinsi maji yanavyofuata bonde, na filamu isiyoonyesha mali haiwezi kuonyesha shinikizo.

Swali la ridhaa ndilo gumu kuliko yote, na hapa filamu zimelirahisisha kupita kiasi. Kwenye filamu binti anakataa waziwazi, analazimishwa waziwazi, na mtazamaji hana shaka nani amedhulumu. Katika maisha, bibi anaingia chumba cha ndani, anakaa ukingoni mwa kitanda, anamshika mjukuu wake mkono na kumwambia, "Mwana wangu, ami yako ameleta maneno. Wasemaje?" Binti anaangalia sakafu. Bibi anasubiri kidogo, anamwombea dua, anatoka, anawaambia waliokaa ukumbini: amenyamaza. Na kunyamaza kuna hukumu yake, kwa kuwa Hadithi sahihi inasema mwanamwali huombwa idhini na idhini yake ni kunyamaza kwake. Ilikuwa rehema kwa msichana mwenye haya, asilazimishwe kusema mbele ya watu jambo linalomtia aibu. Wanazuoni hawakuichukua kama mlango wa kupitishia lolote; wamejadili hata hukumu ya binti anayelia anapoulizwa. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu pwani, yanampa baba mamlaka makubwa juu ya bikira, lakini yanayafunga kwa masharti, yakiwemo kwamba mume awe kufu yake na pasiwe na uadui wa dhahiri kati ya baba na binti, na yanapendekeza kwamba ashauriwe. Na Khansa binti Khidam, aliyekuwa ameshaolewa kabla, alipokwenda kwa Mtume kulalamika kuwa baba yake amemuoza asipotaka, ndoa ile ilibatilishwa.

Sheria ya Kenya inalizungukia swali hilo hilo kutoka upande mwingine. Kifungu cha 45 cha Katiba ya 2010 kinaisimamisha ndoa juu ya ridhaa huru ya wanaooana. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaweka umri wa chini wa miaka 18 na kuihesabu kuwa batili ndoa ambayo ridhaa ya mmojawapo haikutolewa kwa hiari, ingawa sheria hiyo hiyo inasema vipengele vyake vinavyokinzana na sheria ya Kiislamu havitawahusu Waislamu. Lililonishangaza zaidi ni Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2015. Katika orodha ya mambo inayoyahesabu kuwa ukatili imo ndoa ya kulazimishwa, na humo humo imetajwa bayana wakwe kuingilia ndoa. Bunge nalo, inaonekana, limetazama tamthilia. Wakwe wamepata kifungu chao. Wazazi wa mtu mwenyewe, waliomwoza kwa upole na kwa mifuko ya saruji, hawamo, wala sijui ungewaandika vipi katika sheria bila kuwafanya wahalifu watu wasio wahalifu. Ndiyo maana nasema jambo hili ni la filamu zaidi kuliko la bunge. Sheria inahitaji mtenda kosa. Msanii hahitaji.

Hapa watayarishaji watanijibu kwa jambo la kweli: filamu inataka uso. Mtazamaji hawezi kuichukia orofa, na mwigizaji mmoja anayejua kufoka ni rahisi kumlipa kuliko kujenga kisa cha miezi sita ya ujenzi. Fedha ni chache, siku za kupiga picha ni chache, na tamthilia isiyokuwa na kofi katika sehemu ya kwanza haipati mtazamaji wa sehemu ya pili. Nayaelewa. Lakini mbona kanzu zilizonyooshwa, nyua na milango vinagharimu nao wanavipata? Na mbona hawajamtazama mwanamume? Kijana anayeingia nyumba ya mkewe akiwa na begi moja, anayekula kwa mama mkwe wake kila Ijumaa, asiyeweza kupandisha sauti kwa kuwa chini yupo baba mkwe na pembeni yupo ami, ambaye mshahara wake wa boti au wa hoteli haujafika hata nusu ya thamani ya dari iliyo juu ya kichwa chake, ni mhusika ambaye mwandishi yeyote angemshukuru Mungu kwa kumpata. Anatakiwa awe kichwa cha nyumba ambayo si yake. Baadhi ya wanaume hawa hugeuka wakali, wengine hugeuka wageni wa kudumu, wengine husafiri Uarabuni na kuwa waume kwa simu maisha yao yote. Hakuna hata mmoja wao niliyemkuta kwenye tamthilia. Huko mume ni dhalimu au ni mnyonge wa mama yake.

Kuna jambo jingine dogo linaloonyesha jinsi filamu zinavyopita pembeni ya yaliyo muhimu. Mara kwa mara nikahi ya filamu inafungwa bi harusi ameketi kando ya bwana harusi, wote wamepambwa, ili kamera imkamate akidondosha chozi wakati wa kukubali. Kwetu nikahi hufungwa msikitini, na bi harusi yuko nyumbani na wanawake. Anayesema "nimekuoza" ni walii wake, yaani baba au msimamizi wake wa ndoa, na anayesema "nimekubali" ni mume. Ridhaa ya bi harusi imefika pale kwa maneno ya watu wengine, ikipita kwa bibi, kwa mama, kwa baba, pengine kwa sheikh aliyekwenda kumsikiliza na mashahidi wawili. Safari hiyo ya neno moja kutoka chumba cha ndani mpaka mihirabuni ni drama tosha, tena ni hapo hasa ambapo neno linaweza kupotea au kubadilika njiani bila mtu yeyote kudanganya kwa kukusudia. Filamu iliyomweka bi harusi msikitini imeifuta safari nzima kwa ajili ya chozi.

Kama uchambuzi huu una mashiko, basi mjadala wa sasa unapaswa kuhamia mahali pengine. Bodi ya Uainishaji wa Filamu, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, inapima matusi, uchi na umwagaji damu, na wanaoiomba iwe kali zaidi kwa filamu za ndoa hawatapata wanachokitaka, kwa sababu filamu ambayo ingetikisa nyumba zetu kweli inaweza isiwe na tusi hata moja na ikaruhusiwa kwa watoto. Walimu wa dini, badala ya kuwakataza wasichana kutazama, wangeweza kusomesha darasani masharti yale ya walii ambayo wengi wa mabaraza ya harusi hawajawahi kuyasikia, na makadhi wa Lamu na Malindi wana elimu na heshima ya kulianzisha somo hilo kabla ya kesi kuwafikia. Kwa familia zenyewe lipo jambo la utaratibu tu, lisilohitaji sheria mpya wala kuacha mila: binti aulizwe kabla ya fundi kuitwa, aulizwe akiwa peke yake, na anayemuuliza awe mtu ambaye hakuchangia kitu katika orofa. Shangazi wa mbali anafaa, mwalimu wake wa chuoni anafaa, sheikh asiye jamaa anafaa. Na ikiwa jibu litakuwa hapana, orofa ijengwe vile vile iwe yake, kwa kuwa katika desturi ya zamani nyumba ilikuwa haki ya binti, haikuwa malipo ya kumkubali mtoto wa ami.